Mwaka Usio na Kahawa

Mume wangu alikufa akiwa ameandika wosia, jambo ambalo huku milimani watu wengi bado wanaliona ni kujiitia kifo. Yeye hakuwa mtu wa kuogopa maneno. Aliuandika kwa mkono wake mbele ya mashahidi, akaupeleka parokiani ukatunzwe, kisha akarudi nyumbani akaniambia amemaliza kazi iliyokuwa inamkosesha usingizi. Nilimuuliza ameandika nini. Akasema nitasikia siku yenyewe ikifika, nisimharakishe.

Siku yenyewe ilifika na nikasikia. Tulipoanua tanga, ukoo mzima ulikaa uani kwenye mabenchi yaliyoazimwa kutoka jumuiya, katekista akasimama akasoma. Shamba la kahawa lisigawanywe mimi nikiwa hai. Mtoto wake wa kwanza alishike kwa amana, kwa niaba ya wote. Kutokana na kahawa, mimi nipewe kila msimu kiasi cha kunitosha chakula, mavazi na matibabu, mpaka siku ya kufa kwangu. Nikae katika nyumba yake nisibughudhiwe. Nikishakufa, watoto wake watatu wagawane shamba sawa kwa sawa.

Katekista alipofika kwenye maneno ya siku ya kufa kwangu, watu waligeuka wakanitazama. Hawakuwa na nia mbaya, nadhani. Ila maisha yangu yote nimekuwa fundi cherehani, na macho ya mtu anayekadiria urefu nayajua vizuri. Walikuwa wananikadiria. Nilivuta khanga yangu nikakaa wima, ili wajue kuwa bado nipo nipo.

Niseme mimi ni nani. Nilizaliwa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, katika nyumba ya Waanglikana wavuvi. Nilipanda Mbinga nikiwa binti na cherehani yangu kichwani, nikapata nafasi kwenye baraza ya duka moja mjini, nikawa nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Mume wangu alikuja pale kutengenezewa suruali. Alikuwa mgane, Mmatengo, Mkatoliki, mwenye kahawa kwenye mteremko mzima na watoto waliokwisha kuota ndevu. Alirudi na suruali ya pili, halafu ya tatu, na ile ya tatu haikuwa imechanika popote. Nikamwambia, "Baba, sema unachotaka, nina kazi za watu hapa." Akasema. Tukaoana kwa baraka za pande zote mbili, kwa shida kidogo. Mungu hakutupa mtoto. Watoto wake waliniita mama mdogo, nami sikuwahi kuwadai jina lingine.

Alipofariki, macho yangu yalikuwa yamekwisha kuchoka. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, na mteja ambaye pindo la suruali yake limekwenda upande harudi mara ya pili. Niliuza cherehani. Kwa hiyo wosia ule haukuwa pambo kwangu. Ndio uliokuwa jembe na cherehani yangu.

Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda. Chama cha msingi cha ushirika kikishawalipa wakulima, mtoto wa kwanza alikuwa anakuja na posho yangu mkononi. Anaishi ng'ambo ya bonde, mwendo wa kushuka na kupanda, naye ni mtu mzima mwenye mke na wajukuu wanaokaribia. Alikuwa anakuja asubuhi, anakaa mpaka jua likipinda. Posho yenyewe aliitoa mwanzoni kabisa, haraka, kama mtu anayetua mzigo, halafu ndipo mazungumzo yalipoanza. Aliniambia mvua ya upande wao, nani ameoa, nani amehamia Songea, mdogo wake anayeendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka amepata gari jipya au bado anahangaika na lile bovu. Alikuwa anazunguka nyumba, anagonga bati lililolegea, anaangalia choo. Jioni alikuwa anasema, "Basi mama mdogo, mpaka msimu," nami namsindikiza hadi kwenye kona ya njia.

Mtu atasema ni ziara moja tu kwa mwaka. Ni kweli. Lakini anayesema hivyo ana watu. Mimi majirani zangu ni wema, tunasalimiana, tunazikana, ila wao kwa wao wanaongea Kimatengo, na mimi Kimatengo changu ni cha sokoni. Nikikaribia wanahamia Kiswahili kwa heshima, na mazungumzo yanapoa papo hapo. Watu wakikuheshimu mno wanakuacha peke yako. Yule kijana, na namwita kijana ingawa ana mvi, ndiye pekee aliyekaa kwangu akanisimulia mambo bila kuangalia saa. Nilikuwa naanza kumngojea mbuni ukitoa maua.

Halafu akakata mibuni.

Kahawa ikizeeka hukatwa. Unaukata mbuni chini kabisa, unabaki kisiki, kisiki kinatoa machipukizi, unachagua yaliyonyooka, na baada ya misimu kama miwili unaanza kuvuna tena kama umepanda upya. Kila mkulima wa huku anajua. Kila mkulima pia anajua kwamba hukati shamba zima kwa mpigo. Unakata mistari michache mwaka huu, mingine mwaka kesho, ili nyumba isikose kitu. Mume wangu alikuwa anakata hivyo, kwa zamu, na alikuwa ananionyesha: hii ya mwaka huu, hii iachwe.

Mtoto wa kwanza alikata lote. Nilisikia msumeno wa injini tangu asubuhi, nikadhani ni mtu anapasua mbao. Nilipotoka kwenda kuona, mteremko ulikuwa mweupe kwa visiki, matawi yamelala chini. Nilimkuta amekaa juu ya gogo anakunywa togwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Baba, mbona umekata yote?"

"Mwenye msumeno anataka malipo ya siku," akasema. "Nikimwita mara tatu, nalipa mara tatu. Na bei ya kahawa sasa ni nzuri, tufufue shamba lote tuvune kwa pamoja."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la mtu mwenye bidii. Mvivu asingelifanya. Alikuwa anawaza shamba, anawaza watoto wake na wadogo zake watakaogawana siku moja. Hakuwaza kwamba katikati ya leo na siku hiyo yuko mtu anayekula kila siku. Sikumkumbusha. Nilirudi nyumbani nikakaa.

Msimu ulipofika hakuja. Watu walianika kahawa zao, malori ya chama yakapita, wanawake wakanunua khanga mpya. Mimi nilifagia uwanja kila asubuhi. Nikajipa moyo kwamba ana shughuli. Mwishowe akamtuma mkewe, ambaye alisimama mlangoni asikubali kuingia, akasema kama aliyefundishwa kusema, "Baba watoto anasema wosia umesema kutokana na kahawa, na mwaka huu kahawa hakuna, na mwaka ujao pia hakuna. Anasema umsamehe." Akaniachia kikapu cha maharage, akaondoka.

Nilikasirika. Nataka nilieleze hili wazi, maana wanawake wazee tunasingiziwa upole. Kikapu cha maharage si posho, ni sadaka, na mume wangu hakuandika wosia ili mimi nipewe sadaka. Lakini hasira ilipopoa nikakuta chini yake kitu kingine, kibaya zaidi. Niliona kwamba huyu mtu alikuwa anakuja kwangu kwa sababu ya karatasi, na karatasi ikipata tundu, hana sababu ya kuja.

Nilishuka Lundo kwa kaka yangu. Siku hizi barabara ni lami, unateremka kutoka baridi ya Mbinga mpaka masikio yanaziba, halafu ziwa linafunguka chini na joto linakupiga usoni. Nilidhani nakwenda nyumbani. Kaka yangu alinipokea vizuri, akanipa chumba, akasema, "Dada, kaa hapahapa, huko juu unakaa na nani?" Ila wajukuu zake waliniuliza kama mimi ni bibi wa wapi. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wa usipa ufukweni walinicheka nilipoongea Kinyasa, wakasema naongea kama Mmatengo aliyekuja kununua samaki. Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka kidogo. Wenzangu niliokua nao wengine wamekufa, wengine wamehamia Mbamba Bay kwa watoto wao. Nilikaa ufukweni nikitazama mitumbwi, nikahesabu watu wanaonijua kwa jina la utotoni, na mkono mmoja ulitosha. Kumbe nilikuwa mgeni juu na mgeni chini.

Kuna desturi moja iliyonirudisha. Huku kwetu mjane akirudi kwao akakaa mpaka akapikia kwenye mafiga ya kwao, upande wa mume wanahesabu ameaga ukoo, hana madai tena. Nikiendelea kukaa Lundo ningekuwa nimewapa jibu wasilolitafuta. Nikafunga mzigo wangu, nikamshukuru kaka, nikapanda.

Mjini Mbinga yuko msaidizi wa kisheria, dada mmoja mwenye ofisi ndogo yenye meza na viti viwili. Nilimpa nakala ya wosia. Aliusoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, akaniuliza kama nataka ugomvi au nataka kujua. Nikamwambia nataka kujua mume wangu alikusudia nini.

"Basi hiyo ndiyo kazi ya mahakama, mama," akasema. "Tunaomba itafsiri wosia. Hatumshtaki mtu kwamba ni mwizi. Tunauliza tu, kahawa ikikosekana, posho yako inakufa mwaka huo, au shamba lote linaendelea kukudai?"

"Kunidai?"

"Kudaiwa na wewe. Samahani, mama. Nimechoka."

Nikampenda kwa hilo. Mtu anayekubali amechoka hana makuu.

Ilichukua muda. Tuliitwa, tukaahirishwa, tukaitwa tena. Mara nyingi nilikaa kwenye benchi la nje la mahakama nikiwa upande mmoja na mtoto wa kwanza upande mwingine, ukuta ukiwa nyuma yetu sote, naye alikuwa ananiamkia kila mara. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba." Niseme ukweli wa aibu: kwenye benchi lile nilikuwa namwona mara nyingi kuliko nilivyomwona miaka yote tangu baba yake afe. Kuna siku kesi ikiahirishwa moyo wangu ulikuwa hauumii sana.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Mtoto wa kwanza alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, mimi sipingi wosia wa baba," akasema. "Nimeapa kuushika. Umesema kutokana na kahawa. Kahawa nimeikata, haijazaa. Sasa nitoe wapi? Nikiuza ardhi nitakuwa nimevunja wosia, maana baba amesema lisigawanywe."

Alijieleza vizuri na hakuwa mwongo. Nilimwona hakimu akiandika, nikawaza, nimeshindwa.

Hakimu akauliza, "Marehemu alipokuwa hai, kuna mwaka alikosa kahawa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Sisi tukiwa wadogo. Ugonjwa wa chulebuni uliingia, matunda yakaoza juu ya mti. Hatukupeleka hata gunia."

"Mwaka huo mama yenu alikula nini?"

Mama yenu, alimaanisha yule mama yao wa kuwazaa, maana mimi sikuwapo. Niliona mtoto wa kwanza akibadilisha mguu wa kusimamia.

"Tulikula maharage na mahindi ya kwenye ngoro," akasema. Ngoro ni yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kazi ya wanawake zaidi. "Na baba alikata miti ya mpakani, ile milingoti, akauza. Akatulipia ada. Mama alikuwa anaumwa, akampeleka hospitali."

"Alimwambia kwamba mwaka huu hakuna kahawa, kwa hiyo hakuna hospitali?"

Alipojibu, sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Hapana, Mheshimiwa. Hakusema hivyo."

"Wosia huu aliuandika kabla ya mwaka huo au baada?"

"Baada. Baada ya miaka mingi sana."

Akakaa chini bila kuambiwa akae. Nilimtazama nikaona si mzee mwenye mvi, nikaona mtoto anayekumbuka mama yake akiwa mgonjwa. Nilitamani kuvuka ule ukumbi nikamshike bega. Sikuvuka. Pale mimi nilikuwa mwombaji na yeye mjibu maombi, na kila mmoja ana upande wake.

Siku ya uamuzi hakimu alisoma kwa Kiswahili ambacho hata mimi nilikifuata. Alisema mahakama haimwandikii marehemu wosia mpya, wala haishoni kiraka mahali ambapo yeye hakuacha tundu. Nilipenda hilo neno la kiraka. Alisema wosia husomwa wote, mwanzo hadi mwisho, na msomaji hujiuliza mwandishi alikuwa anajua nini siku aliyoshika kalamu. Huyu alijua kwamba kahawa hukosekana, maana aliwahi kuikosa. Alijua kwamba mibuni hukatwa, maana aliikata. Pamoja na kujua hayo akaandika kila msimu, na akaandika mpaka siku ya kufa. Kama angetaka mke wake akae na njaa katika miaka mibaya, angesema. Kahawa aliitaja kwa kuwa ndiyo mfuko aliouzoea, si kwa kuwa alitaka mingine yote ifungwe.

Kisha akamgeukia mtoto wa kwanza, bila ukali. Akasema anayeshika mali kwa amana anashika kwa ajili ya watu wa aina mbili, anayekula leo na watakaogawana kesho, na hana ruhusa ya kuwanenepesha wa kesho kwa kumkondesha wa leo. Kukata shamba lote ni faida ya kesho. Gharama yake haiwezi kubebwa na mjane peke yake. Kwa hiyo posho itoke kwenye maharage yaliyopandwa katikati ya visiki, kwenye kuni za mibuni iliyokatwa alizowauzia wachoma matofali, kwenye milingoti, na ya msimu uliopita ilipwe nayo. Ardhi isiuzwe.

Mwishoni akaongeza kwamba, kwa kuwa pande mbili zimefikishana hapa, ni vyema kuanzia sasa posho itumwe kwa njia ya simu, ili kila mmoja awe na kumbukumbu na pasiwe na maneno. "Mnakubaliana?" akauliza. Mtoto wa kwanza akasema ndiyo. Mimi nilikuwa bado nasikia yale ya kunenepesha na kukondesha, kichwa kimejaa, nikasema, "Nakubali, Mheshimiwa."

Nilikuwa nimeshinda. Msaidizi wa kisheria alinishika mkono kwa furaha. Nje, mtoto wa kwanza alipita karibu, akaniaga kwa adabu zake zilezile, akapanda pikipiki akaondoka. Ni baadaye, nimekaa nyumbani, ndipo nilipoelewa nimekubali nini.

Alilipa. Sina neno la kumlaumu. Alilipa ya nyuma na ya mbele, na msimu uliofuata alilipa hata kabla chama hakijafungua vitabu vyake. Simu yangu ya kitochi ililia mezani, nikavaa miwani, nikasoma kwamba nimepokea. Nikaenda kwa wakala, nikatoa, nikanunua mafuta na sukari na dawa ya presha. Nikarudi. Nyumba ilikuwa vilevile nilivyoiacha. Bati lilikuwa limelegea tena upande wa jikoni na lilipiga kila upepo ulipovuma, nami nikalala nalisikiliza nikiwa na hela ndani ya godoro. Nilikuwa mpweke, sina njia nzuri zaidi ya kulisema. Nilikuwa na chakula, mavazi na matibabu, kama alivyoandika mume wangu, na nilikuwa mpweke kuliko mwaka ule wa visiki, maana mwaka ule angalau nilikuwa na hasira, na hasira inachangamsha nyumba.

Nikarudi mahakamani. Karani ni baba mmoja mnene mwenye huruma, alinikumbuka, akanipa kiti.

"Amekulipa pungufu, mama?"

"Hapana."

"Amechelewa?"

"Analipa mapema."

"Sasa tatizo ni nini?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema kwamba simu zinaibiwa, kwamba wakala yuko mbali, kwamba macho yangu ni mabovu. Mbele yake nikashindwa kudanganya. Nikasema, "Nataka alete mwenyewe. Kwa mkono. Kama zamani."

Karani aliweka kalamu chini. Akasema taratibu, "Mama yangu, mahakama inaweza kumwamuru mtu alipe. Kumwamuru aje akae na wewe, amri hiyo hatuna."

Nikamwambia naelewa. Alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo sidhani humfanyia kila mtu.

Msimu huu, mibuni iliyokatwa imezaa. Naiona kutoka uani, mistari imenyooka, matunda yamewiva mekundu, na lazima nikiri kwamba shamba ni zuri kuliko lilivyokuwa enzi za baba yao. Wachumaji walikuwa wanaimba kule juu. Simu ikalia asubuhi, nikasoma, nimepokea, na kiasi kimeongezeka. Nikakaa nayo mkononi. Sijui niseme nini kilinipata. Nililitafuta jina lake nikapiga, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu kesi, wala sikuwa nimepanga la kusema.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba."

Kelele za wachumaji zilikuwa nyuma yake.

"Kuna shida? Hela haijafika?"

Nilikusudia kusema imefika, ahsante. Hilo ndilo lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikisema hivyo angesema sawa, na mimi ningesema sawa, na yangekuwa yamekwisha mpaka msimu mwingine, na umri wangu si wa kuahidiana misimu.

"Haijafika," nikasema.

Nilimsingizia mtu asiye na hatia, mtu anayefuata amri ya mahakama kuliko mahakama yenyewe.

"Mbona mimi nimetuma," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Nakuja."

Alikuja na pikipiki, jasho linamtoka, nguo za shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Alibisha hodi, akaingia, akasimama katikati ya chumba akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu, mama mdogo, niangalie." Sikuwa na pa kuificha. Nilimpa. Alibonyeza kidogo, akaisogeza mbali na macho, maana naye sasa haoni karibu, akasoma. Nilimwona akisoma. Ujumbe ulikuwa palepale, na saa yake, na jina lake, na chini yake kiasi nilichobakiwa nacho. Alisoma mpaka mwisho, na nadhani alirudia. Nilitazama sakafu nikingoja aniite mwongo, na ningestahili.

Aliiweka simu mezani, kioo kikiwa chini.

"Mtandao siku hizi unasumbua sana," akasema. Akavuta kiti, akavua kofia, akakaa. "Mdogo wangu wa Ngaka amepata mtoto wa kike, sijui kama wamekuambia."

Nikamwambia hawajaniambia, nikaenda kuwasha moto.